Sahihi Yetu Katika Beji za Skauti

Bwana Mtengenezaji,

Nakuomba nafasi katika gazeti la chama chetu niseme neno juu ya watoto wa skauti, na hasa juu ya zile beji wanazozishona katika mikono ya mashati yao. Neno langu ni moja tu. Beji ya skauti ni hati, na mtu mzima aitiaye sahihi ni shahidi. Sisi makarani na watumishi wa Serikali tunajua kuliko watu wengi maana ya sahihi na muhuri. Basi yatupasa sisi tuwe wa kwanza kujitolea kufundisha beji hizo na kuzishuhudia, wala tusimwachie mwalimu mmoja wa shule kazi yote.

Hapa Ngenge, na vivyo hivyo mahali pengi katika wilaya za Muleba na Bukoba, mtu akiulizwa skauti ni nani atajibu kwamba ni yule mtoto amvikaye skafu mgeni wa heshima anaposhuka katika motokaa, akampigia saluti, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Mwenge wa Uhuru ukipita, skauti wapo kando ya njia. Waziri akija, skauti wapo. Sisemi kwamba jambo hilo ni baya, maana adabu na ukakamavu ni vitu vyema, na mtoto aliyesimama wima mbele ya wakubwa hatatetemeka siku atakapoitwa kujieleza mbele ya meza ya kazi. Lakini mtoto akikaa miaka minne katika skauti, naye hajui ila saluti na skafu, tumemfanya pambo la sherehe.

Uskauti haukuanzishwa kwa ajili ya sherehe. Baden-Powell aliwachukua wavulana wachache kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mwaka 1907, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake. Mambo aliyowafundisha yalikuwa ni kazi za mikono na macho: kufunga kamba, kuwasha moto, kufuata nyayo, kumwokoa mtu aliyeumia. Mzee huyo alikufa huko Nyeri katika nchi ya Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko hata leo. Uskauti ulifika Unguja mwaka 1912, na Tanganyika mwaka 1917. Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa skauti alipokuwa mwanafunzi katika Shule ya Serikali ya Tabora. Kwa hiyo si jambo geni kwetu wala si la juzi.

Taratibu ya beji ni nyepesi, na uzuri wake uko katika wepesi huo. Mtoto huchagua ustadi mmoja anaoupenda, kama vile huduma ya kwanza, upishi, ukulima, kuogelea, kusoma ramani au kutunza hesabu. Kisha humwendea mtu mzima aujuaye ustadi huo kweli kweli, naye si lazima awe mlezi wa kundi lake. Mtu huyo humfundisha, humwacha ajizoeze, halafu humjaribu. Na akiona kwamba mtoto ameweza, hutia sahihi yake. Ndipo mlezi wa kundi anapompa beji mbele ya wenzake. Katika nchi ya Marekani, ambako beji zao ni zaidi ya 130, kila beji hutafutiwa watu wazima walioandikishwa kuwa washauri wake: daktari kwa beji ya tiba, mkulima kwa beji ya mimea, fundi kwa beji ya umeme. Mlezi wa kundi hatakiwi kujua yote. Na ni nani awezaye kujua yote?

Sasa tuangalie mambo yalivyo kwetu. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa daftari la skauti mmoja. Katika ukurasa mmoja palikuwa na beji sita na sahihi sita, nazo zote zilikuwa za tarehe moja, wino mmoja na mkono mmoja. Mojawapo ilikuwa ya kuogelea, na karibu na shule ile hapana maji yawezayo kumfika mtu magotini. Nilimwuliza mtoto kwa upole, "Mwanangu, uliogelea wapi?" Akanijibu, "Tuliandika, waitu." Yaani alieleza kwa kalamu namna mtu anavyopaswa kutupa mikono na miguu majini, naye mlezi wake akasoma, akaona maneno ni sahihi, akatia jina lake.

Simlaumu sana mlezi yule. Alikuwa na darasa la watoto wengi, kitabu cha mahudhurio, mpira wa miguu, na bustani ya shule. Na juu ya hayo akaambiwa alee skauti. Alifanya kama afanyavyo mtu aliyelemewa. Lakini ninyi wenzangu mjiulize: karani wa ghala akiandika katika daftari kwamba magunia 40 yamepokewa, naye hakuyahesabu, twamwitaje? Na yule atiaye muhuri katika hati ya kipimo cha ardhi ambayo hakuikanyaga, atasema nini shauri likifika barazani? Nasi twajua kwamba daftari la uongo halikai bure katika kabati. Iko siku mtu ataliamini, atafanya kazi kwa kulitegemea, na hapo ndipo hasara itakapoonekana.

Najua iko hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa, kwa kuwa asili yake ni Baden-Powell mwenyewe. Yeye alishauri kwamba mtoto asipimwe kwa ubora wa kazi yake tu, bali kwa kadiri ya juhudi aliyoitia. Mtoto mzito wa mikono aliyejitahidi miezi mitatu aweza kupewa beji, ijapokuwa kazi yake haifikii ya mwenzake aliyezaliwa na kipaji. Maneno hayo ni ya huruma, nami nayakubali katika beji ya kuchora, ya kuimba, ya ususi wa vikapu na nyingine za namna hiyo. Kikapu kikipinda, kimepinda. Ndizi zitachukuliwa humo vivyo hivyo. Lakini ziko beji ambazo siwezi kukubali hoja hiyo hata kidogo. Maji hayaulizi juhudi. Damu itokayo katika mshipa haiulizi juhudi. Mtoto aliyepewa beji ya kuokoa watu majini kwa sababu alijitahidi, naye hajui kuokoa, siku moja atamwona mwenzake akizama, atakumbuka ile beji mkononi mwake, ataruka. Tutazika wawili.

Na mkoa huu wa Kagera haukosi mafundisho katika habari ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao, watu wasio na beji yoyote, bali wenye kujua maji, kasia na kamba. Habari ile yapaswa kutufikirisha. Ilionyesha kwamba kabla ya msaada wa Serikali kufika, anayeokoa ni mtu aliye karibu, kwa kile anachokijua siku ile ile.

Mtu atasema, Ngenge si pwani ya Ziwa Viktoria, sisi tuko bara, upande wa Burigi, kati ya malisho na mabonde. Ni kweli. Lakini vijana wetu hawakai Ngenge siku zote. Huenda visiwani kutafuta kazi ya uvuvi, husafiri kwa meli, huchota maji katika mashimo na mabwawa. Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kwamba katika mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Na si lazima kijana wa Ngenge ajue kuogelea kama samaki ili aweze kuokoa. Afundishwe kwanza kutoingia majini: anyoshe mti mrefu, au atupe kamba iliyofungwa dumu tupu la lita 20 lenye kizibo kilichokazwa. Dumu hilo humshikilia mtu mzima asizame, nalo lipo katika kila nyumba. Funzo hili laweza kutolewa kwa jioni mbili, na mtihani wake huonekana kwa macho: dumu limefika alipo mtu, au halikufika.

Katika habari ya afya ndipo hasa nawatazama wanachama wetu wa zahanati. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba. Waliougua ni 9, na 6 kati yao wakafa. Mwezi wa Januari 2025 ukatangazwa tena, mara hii katika wilaya jirani ya Biharamulo. Waliohesabiwa ni 10, na wote walikufa. Sisemi skauti apelekwe kuuguza wagonjwa wa namna hiyo, la hasha. Nasema kwamba mtoto aliyefundishwa sawasawa aweza kuwa wa kwanza nyumbani kusema, "Tata, tusimwoshe maiti huyu wenyewe, twende tukamwite mganga wa Serikali." Neno hilo moja, likisemwa kwa adabu na kwa ujuzi, laweza kuokoa mji mzima. Lakini atalisema kwa ujasiri gani kama beji yake ya afya aliipata kwa kunakili ubaoni?

Hayo mengine ni madogo madogo ya kila siku. Mtu aumwapo na nyoka, mguu usichanjwe wala usinyonywe wala usikazwe kamba. Ufungwe kwenye kibao utulie, na mgonjwa achukuliwe kwa machela, asitembezwe. Mtoto akiharisha, apewe lita 1 ya maji safi yaliyotiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku njia ya zahanati ikishikwa. Muuguzi yeyote ayajua haya. Basi aulize mtihani wake hivi: machela ifanywe kwa miti miwili na mablanketi, alazwe mtu mzito, ichukuliwe kupanda kilima na kushuka. Ikimwangusha, mtoto arudi baada ya juma moja. Wala asione haya kurudishwa. Sisi wenyewe barua zetu zilirudishwa mara ngapi na wakuu wetu zilipokuwa na makosa?

Nisingependa mtu adhani nasema kwamba wenye ujuzi ni watu wa ofisi tu. Wako wazee wasiojua kusoma ambao sahihi yao ya dole gumba ni kubwa kuliko shahada nyingi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Kimarekani walikuja Buhaya kuchunguza uhunzi wa zamani, na wazee walioyeyusha chuma katika ujana wao waliijenga tena tanuri, wakafanya kazi ile mbele ya macho yao kwa kukumbuka tu. Habari hizo ziliandikwa katika gazeti la elimu mwaka 1978, ulimwengu ukastaajabu kwamba watu wa kando ya ziwa hili walikuwa wakitengeneza chuma cha namna bora tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Jambo linalonihuzunisha ni kwamba aliyekuja kuwauliza alitoka ng'ambo; wajukuu wao hawakuwauliza. Leo hii yuko mzee ajuaye kujenga nyumba ya msonge, na mama ajuaye dawa ya kuhifadhi mbegu, na mchungaji awezaye kukuambia kwa nyayo ng'ombe alipita saa ngapi. Hao wote ni wafunzi wa beji. Kazi ya karani ni kuandika walichoshuhudia, kuwasomea, na kuwapa kidau cha wino watie dole.

Sasa nitaje udhuru ninaousikia. Wa kwanza ni nafasi: mtu asema kazi ni nyingi. Namjibu kwamba haombwi kuwa mlezi wa kundi zima, wala kuvaa kaptura na kofia. Aombwa beji moja anayoijua, na watoto watano au sita, jioni ya Ijumaa au Jumamosi, kwa muda wa mwezi mmoja katika mwaka. Mtunza hesabu na afundishe kutunza hesabu. Bwana shamba na afundishe mnyauko wa migomba na namna ya kuukomesha, maana ugonjwa huo umewatia watu wetu umaskini machoni petu. Mpima ardhi na afundishe dira na ramani. Udhuru wa pili ni uhamisho: mtu asema leo yuko Ngenge, kesho atapelekwa Biharamulo au Mwanza. Na hilo si kitu; sahihi yake itabaki katika daftari, na kule aendako wako watoto pia. Udhuru wa tatu ni malipo, na huu nauacha, kwa sababu msemaji wake hatashawishiwa na barua ya kurasa chache.

Lakini liko jambo moja ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo, nami nataka lisemwe kwa sauti kubwa. Mtu mzima anayejitolea kufundisha watoto wa watu wengine aweza kuwa mwema, na aweza kuwa mwovu aliyejifunika nguo za wema. Chama cha skauti cha Marekani kiliingia katika kufilisika mwaka 2020 kwa sababu ya madai ya watu waliosema waliharibiwa utotoni na watu wazima wa chama hicho. Madai yalizidi 80,000. Basi kila mwenzetu atakayejitolea akubali sheria hii bila kununa: asikae na mtoto peke yake kamwe. Funzo lifanyike mahali pa wazi, watoto wawe wawili au zaidi, mtu mzima wa pili awepo, na wazazi wajue siku na saa. Wasichana wapo katika skauti kama wavulana, na inafaa wawe na mama au dada mtu mzima katika kila funzo. Mtu akiona sheria hii yamvunjia heshima, ashukuriwe na aachwe.

Shauri langu ni hili. Katibu wa tawi afungue daftari, na kila mwanachama aandike humo jina lake na ustadi mmoja anaouweza. Daftari hilo lipelekwe kwa kamishna wa skauti wa wilaya na kwa walimu walezi, ili wao ndio wawachague na kuwapokea wafunzi kwa taratibu zao, tusijifanye wakubwa wa kazi isiyo yetu. Na katika kila karatasi ya mtihani chini ya sahihi yaandikwe maneno haya: "Nimeona kwa macho yangu." Pawe na nafasi ya mahali na tarehe, na nafasi ya shahidi wa pili. Asiyeweza kuandika maneno hayo kwa moyo safi asitie sahihi. Wala mwalimu asimlazimishe kwa sababu mgeni anakuja Jumatatu na watoto watakiwa waonekane na beji nyingi.

Wako watakaosema kwamba chama cha watumishi kiliundwa kudai haki za watumishi, si kulea watoto. Wakumbuke watangulizi wetu. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, waliwaunganisha Waislamu na Wakristo katika nyumba moja, jambo ambalo halikuwa katika barua ya mshahara ya mtu yeyote. Huku Bukoba watumishi wa Serikali waliunda umoja wa Bahaya mwaka 1924, nao walitaka maendeleo ya nchi yao, si nyongeza ya mshahara tu. Haki zetu na tuzidai, nami nitakuwa mstari wa mbele. Lakini siku ya Ijumaa jioni ofisi zimefungwa, na haki haidaiwi saa hizo.

Iko gharama kidogo: bendeji, kamba pima kumi, dira moja, na madumu ambayo tutayapata bure. Naomba mkutano ujao ulizungumze jambo hilo, Mweka Hazina akiwapo, ili mlezi asilazimike kununua bendeji kwa fedha yake. Mimi nimekwisha kuandika jina langu kwa beji ya kutunza hesabu. Ya huduma ya kwanza imepata watu wawili, na ya kusoma ramani mmoja. Ya kuogelea bado haina mtu.

Ni mimi,
Mwanachama wenu,
Ngenge.